Mavis Amerudi Kwao

Alwyn Laverick alijaliwa sauti ya kuhutubia na kifua cha kuibeba, ndiyo maana kila Siku ya Pwani ilipofika, watu wa kijiji cha Hawdene walimsukumia yeye kipaza sauti. Hakuna aliyenung'unika. Enzi za mgodi, takataka za makaa zilikuwa zikimwagwa baharini usiku na mchana, mchanga ukawa mweusi tititi, na aliyeingia kuoga alitoka mchafu kuliko alivyoingia. Mgodi ulipofungwa, Alwyn na wenzake walioachishwa kazi ndio walioshika makoleo wakaanza kuzoa. Walizoa mpaka migongo ikawasaliti. Serikali ilipokuja kuitangaza pwani kuwa ya kulindwa, kuanzia bondeni mpaka kwenye rasi, mchanga ulikuwa umeanza kuonekana, na juu ya majabali yalikuwa yamechipua maua ya zambarau ambayo hata wazee walikuwa wameyasahau. Vipepeo wakarudi. Mwishowe akarudi na kozi, ndege mwindaji wa jamii ya mwewe, dume na jike lake, wakaweka kiota kwenye jabali la rasi.

Kozi ndiye aliyeharibu kila kitu. Ama tuseme Alwyn ndiye aliyeharibu, lakini asubuhi ile ukimwambia hivyo asingekuelewa.

Hawdene, mwanamume akistaafu ana mambo mawili ya kuchagua: kulima vitunguu vya mashindano au kufuga njiwa wa mashindano. Alwyn alifuga njiwa. Banda lake, lililopakwa rangi nyeupe na kijani, lilisimama peke yake ukingoni mwa jabali, ndani ya ardhi ya hifadhi, kwa ruhusa maalumu, kwa kuwa wakubwa walisema ni sehemu ya historia ya mahali. Watalii walilipiga picha. Na kozi, ambaye naye ni wa hifadhi na haguswi hata unyoya, alilifanya banda lile mkahawa wake.

Alianza na makinda. Alwyn akavumilia, akalalamika kwenye klabu ya wafuga njiwa, akavumilia tena. Halafu mwezi wa tano akamchukua dume mwekundu, njiwa aliyekuwa fahari ya klabu nzima. Dume yule alikuwa amerushwa kutoka Ufaransa kwenye mashindano ya kurudi nyumbani, akavuka bahari kwenye mvua siku ambayo njiwa wa wenzake walipotelea njiani, akafika nyumbani amechoka hoi. Alwyn alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Kozi alishuka kama jiwe, kikasikika kishindo, na manyoya mekundu yakamwangukia Alwyn mabegani. Alilia, mtu mzima yule, peke yake kwenye nyasi.

Kesho yake alimwendea Rowena, mlinzi wa pwani, binti mchapakazi aliyependwa na kila mtu ila alikuwa na mzaha mahali pasipotakiwa mzaha.

"Fanya kitu," Alwyn alimwambia.

"Mzee Alwyn, nifanye nini? Nimwambie ale saladi?"

Alwyn hakucheka. Aligeuka akaondoka, na tangu siku hiyo lilimkaa rohoni jambo ambalo hakumwambia mtu.

Kwenye kibanda cha bustani alikuwa na kopo la dawa kongwe ya kuulia wadudu, iliyopigwa marufuku siku nyingi. Alijua wanavyofanya wanaume wa vijiji vingine, maana klabuni husemwa mengi bia zikikolea. Njiwa asiye na thamani hupakwa, hurushwa mbele ya jabali, kozi anamla, kozi anakufa, na hakuna aliyeona kitu. Alichohitaji ni njiwa ambaye hatamlilia.

Akamchagua Mavis.

Mavis alikuwa jike la kijivu, mzee, mpole, zawadi kutoka kwa Cuddy Bulmer. Cuddy na Alwyn walichimba makaa bega kwa bega tangu ujana wao, wakila kwenye kikopo kimoja, na paa la mgodi lilipoporomoka mara moja, Cuddy ndiye aliyemvuta Alwyn kwa miguu mpaka kwenye hewa. Siku hizi macho ya Cuddy yalikuwa yamefifia, akawa anawatambua njiwa wake kwa kuwapapasa. Alipompa Mavis, miaka minne iliyopita, alimtania.

"Mchukue, bwana. Ila ujue, siku ukimwachia mlango tu, anarudi kwetu."

"Kwangu atatulia."

"Njiwa aliyeanguliwa kwa Bulmer atulie kwa Laverick? Nyumba yenyewe inanuka soksi."

Alwyn alimfungia Mavis msimu mzima, akamwoza kwa yule dume mwekundu, akawaacha walee makinda. Alipomfungulia, Mavis alipaa, akazunguka, akarudi kutua kwake. Alwyn alitamba klabuni mpaka watu wakachoka naye. Mavis sasa ni Laverick, alisema, na Cuddy akanywa bia yake akasema, "Ngoja. Ngoja tu."

Basi asubuhi ya Siku ya Pwani, Alwyn alivaa glavu, akampaka Mavis, akambeba kwenye boksi mpaka kwenye rasi. Aliyapanga yote vizuri. Kozi akimla, yamekwisha. Asipomla, Mavis atarudi bandani, na yeye atakuwa pale anamngoja na gunia. Ndege alitetemeka mkononi mwake, akamwangalia kwa jicho lile la rangi ya chungwa, na Alwyn akamwachia haraka ili asiangaliwe tena.

Kozi jike alikuwa amekaa kwenye jabali. Alimtazama Mavis, akajikuna. Alikuwa ameshiba.

Mavis alipanda juu, akazunguka mara kadhaa, akakata kuelekea bara, nyuma ya mabanda ya kijiji, akapotea. Alwyn alirudi mbio kwenye banda lake akangoja na gunia lake. Alingoja mpaka akasikia tarumbeta za bendi zikipanda barabara ya kanisani, na Mavis hakutokea. Basi kozi dume atakuwa amemdaka upande wa pili, alijiambia. Alinawa mikono, akanawa tena, akavaa suti na beji ya wazoaji wa pwani.

Sasa sherehe. Mwaka ule ilifana kuliko zote. Bendera kubwa ya wachimbaji, ya hariri, iliyochorwa mnara wa mgodi upande mmoja na pwani safi upande wa pili, ilibebwa mpaka ukingoni, kamba zake zikishikwa na watoto wa shule. Wanawake walipanga meza za pai na mikate mipana iliyojazwa nyama ya nguruwe na mbaazi zilizopondwa. Upepo ulikuwa mtulivu, jambo la nadra huko. Maua ya zambarau yalikuwa kila mahali, na watu walitembea kwa uangalifu wasiyakanyage.

Rowena alikuwa amesimamisha darubini yake, foleni imejipanga.

"Mzee Alwyn, njoo, wewe hupangi foleni," alimwita. "Makinda watatu! Na mama yao kawaletea chakula sasa hivi."

Alwyn aliinama akaangalia. Alimwona jike akinyofoa nyama vipande vidogo vidogo na kuviweka midomoni mwa makinda, taratibu, kama bibi anayelisha mjukuu. Manyoya yaliyotapakaa yalikuwa meupe na meusi. Ndege wa baharini. Kwenye jiwe la juu alikaa dume, mzima wa afya, kifua mbele.

"Wote wawili wako hai," alisema.

"Kwani ulitaka wafe?" Rowena alicheka.

Alwyn alijiinua. Kama kozi hakumla, na bandani hakurudi, basi Mavis yuko wapi?

Na hapo akatokea Edie, mke wa Cuddy, sahani ya pai mkononi, uso umejaa furaha.

"Shemeji, umeshindwa," alisema. "Leo unamnunulia mzee wangu bia mpaka Krismasi."

"Nimeshindwa nini?"

"Mavis amerudi kwao! Saa hizi ametua uani kwetu. Kwanza alikaa juu ya bomba la moshi kwa jirani asubuhi nzima, kajikunyata, tukadhani ni njiwa wa mtu. Akashuka. Cuddy kampapasa, kapapasa pete mguuni, akaanza kulia. Nakwambia kweli, analia! Anasema, nilimwambia Alwyn, nilimwambia."

Ndipo Alwyn akakumbuka kitu ambacho hata mtoto wa mfuga njiwa anakijua: njiwa haolewi na banda, huolewa na mwenzake. Dume ndiye aliyemfunga Mavis kwa Laverick. Dume ameliwa. Yeye Alwyn alimlilia dume mwezi mzima na hakukumbuka hata siku moja kwamba dume ameacha mjane.

"Amemshika?" aliuliza.

"Kumshika? Kambusu! Kajitia mahindi mdomoni akamlisha kama alivyokuwa akimfanya zamani, mdomo kwa mdomo. Nikamwambia, miaka arobaini na kitu ya ndoa, mimi hujanibusu hivyo."

"Edie, mpigie simu. Mwambie amwache huyo ndege."

"Simu gani? Ameiacha mezani, kama kawaida yake. Kuna nini?"

"Ana ugonjwa," Alwyn alisema. "Mavis ana ugonjwa."

Ilikuwa rahisi kusema, na kwa sekunde moja alidhani itatosha. Lakini Rowena alikuwa amesikia, na uso wake ulikuwa umeacha kucheka. Alimshika Alwyn mkono, redio ya mawasiliano tayari mdomoni, akamvuta kwenye gari la hifadhi, Edie akifuata.

"Ugonjwa gani?" Rowena aliuliza. "Nawaita wauguzi. Watataka kujua ni nini."

Alwyn alimwangalia Edie. Alimjua tangu akiwa msichana wa kantini ya mgodi. Angeweza kuendelea na ule ugonjwa. Wangefika, wangemwosha Cuddy, na kama bahati ingekuwepo hakuna ambaye angejua. Na kama bahati isingekuwepo, daktari angehangaika kutafuta ugonjwa usiokuwepo huku Cuddy anakata roho.

"Sumu," alisema. "Nimempaka sumu. Ya kozi."

Hakusema kwa sauti kubwa. Rowena ndiye aliyeirudia kwenye redio, polepole na kwa uwazi, sumu, ya wadudu, jina lake hili, kwenye manyoya ya njiwa, ameigusa na mdomo, mzee wa miaka sabini na mmoja. Waliokuwa karibu na meza za pai walisikia. Mpiga tarumbeta mmoja alishusha chombo chake, kisha mwingine, mpaka wimbo ukafa katikati.

Edie aliiweka sahani yake kwenye nyasi, akapanda garini, akafunga mlango.

Cuddy walimkuta bandani mwake, amekaa juu ya kreti, mgongo ukutani. Jasho lilikuwa likimtoka kama maji, mate yakimchuruzika kidevuni, na kifua kikikoroma. Mavis alikuwa mapajani mwake, amekwisha kufa, mabawa yamefunguka. Cuddy alisikia hatua na akazitambua.

"Alwyn," alisema kwa taabu. "Amerudi. Nilikwambia... nilikwambia."

"Ulinambia," Alwyn alisema.

"Kachoka, masikini. Kaja kunifia mikononi." Akajaribu kutabasamu. "Na mimi sijisikii vizuri."

Rowena alimvua shati, akafungua mpira wa bustani, akamwosha uso na mikono kwa maji, huku Edie akimshika kichwa. Alwyn alitaka kusaidia. "Usimguse," Edie alisema, na hilo ndilo neno lake la kwanza tangu kule ukingoni. Helikopta ya wagonjwa ilitua kwenye uwanja wa sherehe, kati ya meza na bendera, maua ya zambarau yakilala chali kwa upepo wake. Watu wote wa Hawdene walikuwepo na walimwona Cuddy akibebwa, na wakamwona Alwyn akibaki nyuma na suti yake na beji yake.

Cuddy hakufa. Alikaa kwenye mashine majuma mengi, Edie akilala kwenye kiti pembeni, na madaktari wakasema kama wasingetajiwa sumu yenyewe wangempoteza. Alwyn alienda hospitali mara moja. Edie alitoka mlangoni akamwambia, bila kupandisha sauti, "Ameshajua. Nenda nyumbani." Akaenda nyumbani.

Mengine yalikuja jinsi yanavyokuja. Mahakama ilimpa adhabu yake na hakukata rufaa. Klabu ikalifuta jina lake ubaoni. Wazoaji wa pwani hawakumfukuza, lakini kila alipofika na koleo lake waligundua kwamba kazi ya siku hiyo imekwisha. Ruhusa ya banda ikaondolewa, na nani angeitetea? Njiwa wake waligawiwa wafugaji wa vijiji vya mbali, bara huko, na lori likaja likabomoa mbao nyeupe na kijani, likaacha pembe nne za udongo mtupu kwenye nyasi.

Ukitaka kujua akili za watu wa ofisini, angalia hapo. Unawagawa njiwa, halafu unadhani umemaliza.

Walianza kurudi mwanzoni mwa vuli. Wafugaji wa bara walipowafungulia, mmoja baada ya mwingine waliwaaga wakapotea, na asubuhi moja Alwyn akiwa jikoni aliona kundi zima likizunguka juu ya rasi. Alichukua kopo la zamani la peremende, lenye mahindi, alilozoea kuwatikisia ili washuke, hata hakujua kwa nini, akapanda. Njiwa walishuka mpaka pale banda lilipokuwa, wakatafuta ubao wa kutua, wasiuone, wakapaa tena, wakazunguka, wakashuka tena. Walikuwa wamechoka. Juu ya jabali, makinda wa kozi, sasa wakubwa kama wazazi wao, walikuwa wanawatazama. Alwyn alisimama katikati ya udongo mtupu na kopo mkononi. Akitikisa, watashuka, na watashukia wapi? Asipotikisa, watazunguka mpaka wadakwe mmoja mmoja. Aliona uchungu ambao hakuuona hata mahakamani.

"Wamerudi wote?"

Aligeuka. Cuddy alikuwa amesimama kwenye njia, koti limefungwa mpaka shingoni, mikono mifukoni, uso umeelekezwa juu kwenye mlio wa mabawa. Amekonda sana. Walikuwa hawajasemezana tangu siku ile.

"Nadhani wote," Alwyn alisema.

"Nimewasikia tangu alfajiri. Edie ametikisa kopo letu mpaka mkono umechoka. Hawamjui."

"Hawawezi kumjua."

"Wanakujua wewe. Basi tikisa. Tikisa huku unatembea, uwalete kwangu."

"Cuddy, mimi..."

"Sikuja kuzungumza, Alwyn. Ndege wataliwa. Tembea."

Akatembea. Alitikisa kopo na kupiga mluzi wake, na njiwa wakamfuata, chini chini, juu ya kichwa chake, wakivuka shamba, wakivuka barabara ya kanisani. Cuddy alikuja nyuma kwa mwendo wake. Watu walitoka milangoni wakatazama, hakuna aliyesalimia, na hakuna aliyemzuia. Ni mwendo mfupi, lakini kwa Alwyn ulikuwa mrefu, na alitamani uwe mrefu zaidi, kwa kuwa kwa muda ule alikuwa tena na njiwa wake na alikuwa tena anatembea na Cuddy.

Walipofika uani kwa Bulmer, aliendelea kutikisa. Wa kwanza akatua kwenye ubao, akaangalia huku na huku, akaingia. Kisha wengine, wakisukumana kama wachimbaji kwenye lifti ya mgodi jioni. Alwyn, kwa mazoea ya miaka yote ile, alishika komeo la geti.

"Hapana," Cuddy alisema. "Mwisho wako ni hapo."

Alwyn aliachia komeo.

"Nipe kopo. Wakilizoea mikononi mwangu watakaa."

Cuddy alitoa mikono mifukoni akalipokea lile bati la peremende, akaingia, akafunga geti nyuma yake. Alwyn alibaki nje, viganja kwenye mbao za ua, na kule ndani mahindi yakaendelea kulia ndani ya bati. Mara ya kwanza alidhani Cuddy anawaita njiwa. Lakini njiwa wote walikuwa wamekwisha kuingia, na Cuddy alikuwa amekaa tu juu ya kreti lake, kichwa kimeinama, amelipakata kopo, hamwiti mtu. Ni mikono yake ndiyo iliyokuwa ikitetemeka, jinsi sumu ilivyoiacha. Edie alitoka jikoni, akaichukua mikono ile akaishika kwenye yake mpaka kopo likanyamaza. Halafu akamwona Alwyn kwenye ua, na akamsaidia mume wake kuingia ndani.